Wasiwasi wa udhu: kazi yangu inaishia wapi na ya maalim inaanzia wapi

Mimi ni mshauri wa saikolojia. Mama mmoja alikuja kwangu na mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu, na kabla sijauliza chochote akanambia, "Mwanangu, huyu mai yote ya tangi humaliza yeye, na sala yenyewe hawahi kuisali." Nimeona niandike kuhusu hili mana nyumba zenye mtu kama huyu hapa Lamu si moja wala si mbili, na wengi wenu mnadhani ni uchamungu umezidi, au ni jini, au ni ukaidi tu wa ujana. (Kisa chenyewe nimekichanganya kutoka kwa watu kadhaa na nimebadilisha mambo, kwa hivo usikae ukijiuliza ni mtoto wa nani.)

Kijana anaingia kutia udhu wa alfajiri anatoka jua lishachomoza. Anaosha mkono, anafika kwenye kiwiko, moyo unamwambia pale pamebaki pakavu, anarudi, anaosha tena, akifika mguuni anajiuliza kwani nia niliileta au sikuileta, basi anaanza upya kutoka kwenye uso. Akifanikiwa kutoka na kwenda msikitini anasimama safu ya nyuma, "nawaitu, nawaitu" (yani nimenuia), anarudia, anapiga takbira anaona haikukaa sawa, anaipiga tena, imamu ameshafika rukuu yeye bado yuko mlangoni mwa sala. Mwishowe akaacha kwenda sala ya jamaa kwa aibu. Mikono imepasuka kwa maji. Na sote tunajua maji ya kisiwani yanatoka wapi, ni visima vya kule michangani Shela ndo vinavotubeba, si maji ya mtu mmoja kuyamwaga masaa mawili.

Kabla ya kuletwa kwangu alikuwa ameshasomewa, ameshanyweshwa kombe (maji yalooshea aya zilizoandikwa), amefukizwa ubani. Mimi sichukii hayo, nimekua nayo, na mtu akinambia kusomewa kulimtuliza namuamini. Shida ni kwamba kila aliporudi nyumbani aliambiwa "muogope Mungu, acha huo wasiwasi" na yeye tayari anamuogopa Mungu kuliko sisi sote hapo barazani, hofu hiyohiyo ndo inayommaliza.

Sasa niseme kitu kuhusu sisi wataalamu. Nilipokuwa nasoma saikolojia, chuo ambacho sitakitaja, dini ilikuwa kitu cha kuacha mlangoni pamoja na viatu. Tulifundishwa mshauri hagusi imani ya mteja, akiitaja unaitikia kwa kichwa alafu unamrudisha kwenye "hisia zake". Chimbuko moja la fikra hizi ni Freud, daktari wa Vienna alieanzisha uchambuzi wa nafsi, ambae mwaka 1907 aliandika makala akilinganisha vitendo vya kujirudia vya wagonjwa wake na ibada za dini, akafika kusema ule ugonjwa ni kama dini ya mtu binafsi na dini yenyewe ni kama ugonjwa huo wa watu wote. Niliposoma hayo nikiwa mwanafunzi nilinyamaza, mana sikuwa na jibu. Leo ninalo, na nimelipata kwa wagonjwa wangu. Mtu anaeswali kweli akimaliza anatoka amepumua, mwenye maradhi haya akimaliza anatoka amezidi kubanwa na hajui kama amemaliza. Kwa nje ni maji yaleyale na maneno yaleyale, ila ndani kilichoko ni tofauti kabisa, na asiejua ibada inavokuwa ikiwa nzima hawezi kuiona hiyo tofauti hata kidogo.

Maradhi yenyewe hospitali wanayaita OCD. Kwa ufupi ni hivi: linakuja wazo usilolitaka (pamebaki pakavu, nimepata najisi, nia haikusihi), linaleta hofu kubwa, unafanya kitendo ili hofu ishuke, inashuka kweli, lakini kwa dakika chache tu, na akili imejifunza kwamba bila kitendo kile usingepona. Kesho hofu inakuja na nguvu zaidi na kitendo kinarefuka. Udhu ukawa wa dakika kumi, ukawa nusu saa, ukawa masaa mawili. Maradhi haya hayachagui dini. Nimekaa na dada Mkristo kutoka upande wa Malindi aliekuwa hawezi kulala kwa kuogopa kwamba ameshamkufuru Roho Mtakatifu kwa wazo lililompita kichwani kanisani, na amesoma kwenye Injili ya Marko kwamba dhambi ile haisamehewi, basi anaomba msamaha usiku kucha mpaka sauti inakauka. Ignatius wa Loyola, mtakatifu wa Wakatoliki, alishawaandikia watu ushauri kuhusu dhamiri ya namna hii kwenye karne ya 16, kwani mwenyewe yalimpata.

Na kwetu waandishi walitangulia zaidi. Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Balkh ambayo leo iko Afghanistan, alofariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi, na sehemu ya nafsi ina milango minane, wa mwisho wote ni wa wasiwasi huu. Anamkataza mgonjwa kukaa peke yake, anataka awe na watu na awe na shughuli. Miaka zaidi ya elfu moja imepita. Kwa nini sikufundishwa hili darasani hata siku moja, hilo linaniuma mpaka leo, mana kijana wa Lamu akisikia kwamba alim wa Kiislamu aliyaita haya maradhi ya nafsi na akayaandikia dawa, bega lake linashuka hapohapo mbele yako, nimeliona kwa macho yangu.

Therapi inayosaidia zaidi msingi wake uliwekwa na mwanasaikolojia Victor Meyer kule London mwaka 1966, kwa wagonjwa wawili waliokuwa wameshindikana, akawasogeza kwenye kile wanachokiogopa na akawazuia wasifanye kile kitendo cha kujituliza, wakakaa na hofu mpaka ikashuka yenyewe. Ndo hiyohiyo tunayotumia, pamoja na dawa kwa wale waliozidiwa, na dawa si aibu wala si udhaifu wa imani. Lakini hapa ndo mahali wenzangu wengi wanateleza. Kwa maji na uchafu wa kawaida unaweza kumwambia mtu gusa kitasa alafu usioshe mikono. Kwa udhu utamwambia nini, aswali bila udhu? Hapana. Nimewahi kusikia mtaalamu alimpa Muislamu zoezi la namna hiyo, yule mtu hakurudi tena, na alikuwa na haki asirudi. Hulazimiki kumvunjia mtu dini yake ili kumtibu. Unachomuomba ni aabudu kama anavoabudu muumini wa kawaida mwenye afya, yani pamoja na shaka kidogo ambayo sote tunayo na hatuishughulikii.

Ila mimi si mufti wa kutoa hukmu za dini. Siwezi kumwambia udhu wako umesihi, hata kama najua, kwa sababu nikisema hivo nimetoka kwenye kiti changu nimekalia cha mwenzangu. Kwa hivo, kwa idhini ya kijana mwenyewe (bila idhini simpigii mtu yeyote), nikamtafuta maalim wake wa madrasa, mzee mpole sana. Nilidhani nitapata kazi kumuelewesha. Akanisikiliza, akamaliza kahawa yake, akanambia, "Binti yangu, huyu si wa kuongezewa ilimu, huyu ni wa kupunguziwa." Alafu akanitolea kanuni ya fiqhi ambayo tangu siku hiyo naitumia kila wiki: yakini haiondoki kwa shaka. Ukiwa na yakini umeosha mkono, shaka inayokuja baadae haina hukmu. Akaongeza kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi, kuosha zaidi ya mara tatu ni makruhu (haipendezi), na kwamba Mtume alikuwa akitia udhu kwa mudi moja ya maji, yani kiasi cha viganja viwili vya mtu vilivojaa, haifiki lita.

Mudi moja! Hapo nikapata zoezi langu. Tulitafuta jagi dogo, tukapiga alama kwa peni ya rangi, na hilo ndo likawa maji yake ya udhu, yakiisha yameisha. Tulipanga ngazi kutoka jepesi hadi zito, kila moja akaipa namba kutoka sufuri hadi mia kulingana na inavomtisha. Chini kabisa ilikuwa kuosha mikono mara tatu na kufunga mfereji, hiyo aliipa 40. Juu kabisa ilikuwa kutia udhu kwa jagi, kwenda msikitini, kupiga takbira moja tu pamoja na imamu na kutorudia hata moyo ukipiga kelele vipi, hiyo aliipa 100, akanambia "dada, hiyo andika tu, siiwezi."

Na kuna jambo jingine ambalo maalim na mimi tulilazimika kukubaliana, na hili naliomba sana masheikh wanaosoma hapa waliangalie. Kijana alikuwa anapiga simu. Anamuuliza sheikh huyu swali, anajibiwa vizuri, anatulia nusu saa, anampigia sheikh mwingine ahakikishe, alafu anatafuta kwenye YouTube, alafu anamrudia wa kwanza na swali lilelile limegeuzwa kidogo. Kila jibu lilikuwa sahihi na kila jibu lilimzidisha, mana kuuliza kwenyewe kumeshakuwa kama kuosha. Basi tukasema: maalim mmoja, hukmu moja, imeandikwa kwenye karatasi kwa mkono wake, na akiulizwa tena jibu ni "nimeshakujibu, angalia karatasi yako." Mzee alipata tabu na hili, kwa sababu mtu akikuuliza dini kumnyima jibu ni kitu kizito. Nikamueleza kwamba hamnyimi, ameshampa, anachomnyima ni sumu. Akafikiri siku mbili ndo akakubali.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu, sitadanganya. Alilia. Mama mtu akaniuliza kama namharibu mwanawe. Alipotia udhu wa kwanza kwa jagi alikaa kwenye kiti mbele yangu anatetemeka, namba iko 85, tukangoja, hatukuongea sana, baada ya muda ikawa 60, ikawa 45, na hakuna kilichofanyika isipokuwa kungoja. Mwezi wa tatu aliswali magharibi jamaa. Bado ana siku mbaya, na jagi bado analo.

Kutoka kwake na wengine kama yeye nimeanza kuuliza kila mtu, Muislamu, Mkristo, asie na dini, sesheni ya kwanza kabisa: imani ina nafasi gani kwako, na saa hii inakubeba au inakuumiza? Sikulibuni, kuna mtafiti wa Marekani, Kenneth Pargament, yeye na wenzake walitoa mwaka 1998 maswali 14, saba ya namna dini inavomshikilia mtu kwenye shida na saba ya namna inavomuumiza, kwa mfano kuhisi Mungu amemuacha au anamuadhibu. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Mjane anaekwambia "nimeridhika na qadar" (alivopanga Mungu) huku ndani ana hasira na Mola wake na anaogopa kuitamka, huyo usipomuuliza kwa upole atakuja mara tano anaongelea usingizi tu.

Na si kila kiongozi wa dini ni wa kushirikiana nae, hili nalo lazima niliseme hasa sisi watu wa huku. Shakahola, hapo nyuma ya Malindi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Tangu hapo nina vitu ninavoviangalia kabla sijampigia mtu simu: anamruhusu mgonjwa kula, kunywa dawa, kwenda hospitali? Anamtenga na mama yake? Anampiga au kumfunga minyororo kwa jina la kutoa shetani? Likijibiwa ndio hata moja katika hayo ya kupiga, kufunga na kutenga, au akikatazwa dawa, simshirikishi mtu huyo, na kama kuna hatari naripoti. Maalim wangu yule mzee nilipomueleza hizi alisema hata yeye angeongeza moja, anadai pesa ngapi.

Wateja wengine hunitaka niwaombee dua. Nikiombwa namuuliza kwanza angependa dua hiyo ifanye nini, na mara nyingi hapo ndo mazungumzo yenyewe yanapoanza, alafu tukimaliza, akitaka bado, nanyanyua mikono aombe yeye na mimi naitikia amin. Simuanzishii mimi. Akiwa amekuja kwa ajili ya kuachana na mumewe na mimi nikaanza kumsomea, nimeshamwambia bila kusema ni jibu gani linalonifurahisha.

Ramadhani inakaribia, na kila mwaka ikiingia napata wale wa mate. Hawamezi mate wakiogopa funga itabatilika, wanatema kutwa nzima kwenye leso, midomo inakauka mpaka kuchanika, wengine wanarudia kulipa siku ambazo wameshazilipa mara mbili tatu. Maalim ameshaniandikia karatasi yake kuhusu hilo, mate yako safi yaliyo mdomoni mwako ukiyameza hayafunguzi, na iko mezani kwangu. Kama ni wewe au ni mtu wa nyumbani kwako, usingoje mwezi uandame, njoo Shaaban hii, tunahitaji wiki kadhaa za mazoezi kabla.