Hukumu haivuki mpaka yenyewe

Miezi ya karibuni kitengo chetu kimepokea malalamiko mengi ya aina moja. Mtu ameshinda kesi, mali za mdaiwa ziko nchi nyingine, naye anatutaka tuitume hukumu huko ikatekelezwe. Wengine wanaomba tuwaandikie Interpol, shirika la ushirikiano wa polisi wa nchi mbalimbali. Tuelewane kabla hamjatumia fedha zaidi.

Amri ya mahakama hukoma mpakani. Dalali wa mahakama hawezi kugusa hata kiti cha mdaiwa kilichoko ng'ambo mpaka mahakama ya huko iitambue hukumu na kuipa nguvu. Zipo nchi zenye makubaliano ya kusajiliana hukumu. Pasipo makubaliano, mara nyingi utafungua shauri jipya huko, hukumu yako ikiwa ushahidi wa deni. Mkataba wa Hague wa 2019 wa kutambua na kutekeleza hukumu za kigeni, ulioanza kutumika Septemba 2023, umefupisha njia kwa nchi wanachama tu, na hauhusu ndoa, mirathi, ufilisi wala kashfa (kuchafuliana jina).

Chini ya mkataba huo mwombaji huwasilisha nakala kamili ya hukumu iliyothibitishwa, nyaraka za kuonyesha kwamba hukumu ina nguvu ilikotolewa, na tafsiri iliyothibitishwa pale lugha inapotofautiana. Kama mdaiwa hakufika mahakamani, lazima uthibitishe pia kwamba alipelekewa wito.

Hapo kwenye wito ndipo wengi wanapoangukia. Jalada moja lililopita mezani kwangu lilikuwa na hukumu ndefu, safi, yenye muhuri kila ukurasa. Mwisho kabisa palikuwa na hati ya wito iliyosainiwa na mlinzi wa getini, jina halisomeki, tarehe ikiwa siku mbili kabla ya shauri kusikilizwa. Mahakama ya kigeni hairudii kupima nani alikuwa na haki kwenye deni, kwa hiyo msituletee vielelezo vipya. Inachouliza ni kama mdaiwa alipewa nafasi ya kujitetea, na saini ya mlinzi haijibu swali hilo. Wala usidhani posta inatosha kila mahali: chini ya Mkataba wa Hague wa 1965, unaohusu kupeleka nyaraka za mahakama nje ya nchi, Ujerumani, China na Uswisi zimekataa kupokea wito kwa njia hiyo. Wito hupitia mamlaka kuu, yaani ofisi iliyoteuliwa na nchi husika kupokea nyaraka hizo, na huchukua miezi. Anza mapema.

Kama fedha zako zilichukuliwa kwa utapeli, mwendo ni mwingine, na adui mkubwa ni saa. Nimeona watu wakikaa wiki mbili wakibembelezana na tapeli kwa simu, fedha zikihamishwa akaunti hadi akaunti. Julai 2024 kampuni moja ya Singapore ilituma dola za Marekani milioni 42.3 kwenye akaunti iliyoko Timor ya Mashariki, kwa kufuata barua pepe iliyofanana na ya msambazaji anayeiuzia bidhaa isipokuwa tofauti ndogo ya herufi kwenye anwani. Iligundua siku nne baadaye, ikaenda polisi. Polisi walitumia mfumo wa Interpol wa kuzuia malipo, na siku mbili baadaye milioni 39 zikawa zimeshikiliwa. Zingatieni: kampuni haikuiandikia Interpol. Ilitoa taarifa kwa polisi wa nchini kwake, na polisi ndio walioomba. Interpol haikusanyi madeni, na notisi nyekundu, yaani ombi kwa polisi wa nchi zote kumtafuta na kumshikilia mtu, haitolewi kwa ugomvi wa watu binafsi.

Sambamba na taarifa ya polisi, wakili wako anaweza kuomba amri ya kuzuia mali za mdaiwa. Anayeikaidi hudharau mahakama. Uingereza, kwa mfano, kosa hilo hufikia kifungo cha miaka 2. Lakini nawe unabanwa: hutakiwi kuficha lolote kwenye kiapo chako, na mara nyingi utaahidi kulipa fidia amri ikionekana haikustahili.

Jambo moja linaniuma kuliko yote. Waliotapeliwa hutafutwa tena, mara nyingi na walewale, wakijiita maofisa wa kurejesha fedha. Wanajua kiasi ulichopoteza na tarehe, kisha wanadai ada ya kufungulia akaunti. Polisi hawatozi ada hiyo, na mahakama haimpigii mtu simu kumwambia fedha zake zimepatikana. Ukipigiwa, andika namba, usilipe, na uiongeze kwenye jalada lako la polisi siku hiyohiyo.