Vitenzi vya Kawaida na Visivyo vya Kawaida katika Wakati Uliopita wa Kiingereza

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza jijini Mbeya, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiambiwa aandike kwa Kiingereza kwamba mama alinunua viazi Mwanjelwa akavibeba hadi nyumbani, huenda akaandika "buyed" na "carryed". Mwalimu atayazungushia yote mawili wino mwekundu, ingawa makosa hayo si ya aina moja.

Kitenzi cha kawaida ni kile ambacho umbo lake la wakati uliopita hupatikana kwa kuongeza "-ed" mwishoni: "cook" huwa "cooked". "Carry" kimo katika kundi hili. Kilichokosewa ni tahajia tu, kwa kuwa "y" inayotanguliwa na konsonanti hugeuka "i", nasi tukapata "carried". "Buy" si kitenzi cha kawaida: hakipokei "-ed" kabisa, bali hubadilika kuwa "bought". Hata hivyo kosa la "buyed" lina mantiki yake, kwani msemaji wa Kiswahili amezoea "-li-", ambayo haimwangushi: alinunua, alibeba, alilima. Hata kula na kuja, ambavyo hubakiza "ku-" tukasema alikula na alikuja, huipokea "-li-" hiyo hiyo.

Njia ninayoiamini ya kuyatenganisha makundi haya ni kuondoa "-ed" na kutazama kinachobaki. Ukiiondoa kwenye "cooked" unabaki na "cook", kitenzi kamili; kwenye "carried" inabaki "carri", ambayo ni "carry" ile ile iliyogeuzwa tahajia. Ukiiondoa kwenye "fed" inabaki "f" peke yake. Kumbe "fed" imetokana na "feed", nacho si cha kawaida, ijapokuwa mwisho wake hudanganya jicho. Vinavyosumbua zaidi ni "cut" na "put", ambavyo havibadiliki hata kidogo. "She cuts" ni wakati uliopo, na "she cut", bila "s", ni uliopita. Lakini "I cut" haikuambii lolote mpaka liongezwe neno kama "yesterday".

Vitenzi visivyo vya kawaida hukaririwa. Vingi ni vya kila siku, kama "go", "eat" na "see", na matumizi hayo ya mara kwa mara yamesaidia kuyahifadhi maumbo yao, ilhali vitenzi vipya, kama "text" cha kutuma ujumbe wa simu, kwa kawaida hupokea "-ed".

"Did" ikishaingia, kwa kukanusha au kuuliza, ndiyo inayobeba wakati, na kitenzi kikuu hurudi katika umbo lake la asili, kiwe cha kundi lolote: "she did not buy", "she did not carry".