Kolistini: usugu wa dawa ya mwisho ulivyotoka kwenye mabanda ya nguruwe

Kolistini ni antibiotiki ya zamani, yaani dawa ya kuua bakteria. Iligunduliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1940, ikatumika hospitalini, kisha madaktari wakaanza kuikwepa kwa sababu huumiza figo. Imerudi kwa sababu ya shida: bakteria kama klebsiela wamekuwa sugu kwa dawa nyingine karibu zote, hata karbapenemu, kundi la antibiotiki kali za hospitalini. Daktari akimwandikia mgonjwa mahututi kolistini, mara nyingi hana kingine kilichobaki.

Kolistini ina chaji chanya. Utando wa nje wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo dawa huvutwa, hujishika hapo, huupasua, na bakteria hufa. Kwa miaka mingi sisi wa maabara tulizoea kuona usugu unaotokana na badiliko katika DNA ya bakteria mwenyewe, nalo hurithiwa na uzao wake tu.

Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza jambo zito zaidi. Katika bakteria aina ya E. coli kutoka kwa nguruwe wa Shanghai walikuta jeni waliyoiita mcr-1. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachobandika kemikali kwenye mafuta ya ule utando, chaji hasi ikapungua. Dawa inafika, lakini haina pa kushika. Baya zaidi, jeni yenyewe imo kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria humpa mwenzake wakigusana, hata kama si wa aina yake.

Waliikuta kwa wanyama 166 kati ya 804, lakini katika sampuli 16 tu kati ya 1,322 za wagonjwa. Kwangu mimi, tofauti hiyo inaelekeza kidole bandani. Kolistini ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha nguruwe wazima ili wakue haraka, na dozi hizo ndogo za kila siku ziliwaua bakteria dhaifu, wenye jeni wakabaki kuzaana.

China ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 2017. Baada ya hapo mcr-1 ilipungua sana, kwa nguruwe na kwa binadamu pia, maana kubeba jeni hiyo humchosha bakteria. Dawa isipokuwepo, wasio nayo humpita kwa kuzaana.

Mfugaji, soma lebo ya dawa unayotia kwenye maji ya kuku. Ukiona kolistini, usiwape kuku wazima eti kama kinga. Mwite daktari wa mifugo awaone wanaoumwa kwanza.