Je, Wajua kwa Nini Kidukari Humwaga Sukari?

Ukiligeuza jani changa la kunde lililojikunja, mara nyingi utakuta vidukari weusi, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta, wamesongamana upande wa chini, na majani yaliyo chini yao yananata kana kwamba yamepakwa asali. Kinachonata ni kinyesi chao, nacho kimejaa sukari. Mdudu huyu anayeshinda akila hutupaje chakula?

Jibu limo katika chakula chenyewe, yaani utomvu wa mmea. Mdomo wa kidukari ni sindano nyembamba kuliko unywele, ambayo huipenyeza polepole katikati ya seli za mmea, huku mate yake yakigandana kuizunguka mithili ya ala, mpaka ifike kwenye floemu, yaani mishipa inayosafirisha sukari kutoka majanini. Mmea ukitobolewa hapo huziba tundu, lakini kidukari ana mate ya aina ya pili, mepesi, yanayozuia uzibaji huo. Hata kufyonza kwa nguvu si lazima, kwa kuwa utomvu huo umo katika shinikizo kubwa: watafiti waliomkata kidukari mdomo akiwa anakula waliuona utomvu ukizidi kuchuruzika kupitia kipande kilichobaki mmeani.

Tatizo ni kwamba utomvu una sukari tele lakini asidi amino, ambazo mwili huziunga kupata protini, ni haba. Ili kuzipata, kidukari hulazimika kunywa kupita kiasi na kumwaga sukari inayozidi. Tena sukari hiyo ingeweza kumkausha, kwani utomvu ni mzito kuliko damu yake na ungeyavuta maji ya mwili wake yaingie tumboni; utumbo huiunganisha sukari kuwa minyororo mirefu, na kwa njia hiyo mvuto huo hupungua.

Hata hivyo, zipo asidi amino ambazo hatazipata za kutosha hata anywe vipi. Hizo hutengenezewa na bakteria waitwao Buchnera, wanaoishi ndani ya seli maalumu mwilini mwake, na ambao mama huwarithisha watoto. Akiondolewa bakteria hao kwa antibiotiki, kidukari hudumaa na uzazi wake huvurugika.

Sukari iliyomwagwa nayo ina wateja. Sisimizi humpapasa kidukari mpaka atoe tone, wakalinywa, na huwafukuza wadudu wanaomwinda. Ndiyo maana msafara wa sisimizi ukionekana kupanda shina la kunde, inafaa kukagua kwanza machipukizi ya juu.