Chanjo hutangulia figo mpya

Ujiji na Mwanga, mitaa ya Kigoma, utasikia: mgonjwa wa figo asichanjwe, mwili umechoka, asubiri apandikizwe kwanza. Ni kinyume kabisa. Akishapandikizwa hunywa dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, na kinga hiyo huitikia chanjo kwa unyonge. Zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua au homa ya manjano, kwa kawaida hatapewa tena. Zitangulie upasuaji kwa wiki 4 au zaidi. (Anayevuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, Kongo, kibiashara amweleze daktari mapema, maana huko hutakiwa chanjo ya homa ya manjano.) Ya homa ya ini B haina virusi hai, ila dozi zake huchukua miezi 6 hivi, hivyo wanaosafishwa damu kwa mashine wasingoje tarehe ya kwenda kupandikizwa Muhimbili au Dodoma.