Williamsburg, Virginia: dhana potofu ambazo wageni hawachoki kunirudia

Katika kila kundi la Waafrika Mashariki ninaloliongoza Williamsburg, mji uliokuwa makao makuu ya Virginia tangu 1699 hadi 1780, na ambao sehemu yake ya kale leo ni makumbusho ya wazi yenye waigizaji, hakosekani mtu wa kunieleza kwamba pale kuna historia ya Wazungu tu, na kwamba yeye amefuata picha. Kauli hiyo imenichosha. Mapinduzi ya Marekani yalipokaribia, zaidi ya nusu ya wakazi wa mji huo walikuwa watu wenye asili ya Afrika, na wengi wao walikuwa watumwa.

Mwenye fikra hiyo huingia nyumba ya Peyton Randolph, aliyekuwa rais wa kwanza wa Kongresi ya makoloni, akasifu mbao za ukutani, kisha akatokea mlango wa mbele kama alivyoingia. Atokee uani! Huko ndiko liliko jiko, ambalo limejengwa upya, na huko ndiko walikohangaika watumwa wa familia hiyo. Mmoja wao, Eve, alitoroka kuwafuata Waingereza baada ya Dunmore, gavana wa Virginia aliyewekwa na Uingereza, kuahidi, mnamo Novemba 1775, uhuru kwa watumwa wa walioiasi Uingereza watakaojiunga na jeshi lake.

Ukitoka hapo, nenda shule ya Bray, ambako Ann Wager alifundisha watoto weusi kusoma kati ya 1760 na 1774. Usidhani ulikuwa wema mtupu, kwa kuwa watoto walifundishwa pia kuridhika na utumwa wao. Jengo lenyewe lilikuwa limesahaulika katika eneo la chuo cha William & Mary, hadi pete za miti katika mbao zake zilipothibitisha umri wake; mwaka 2023 likahamishiwa eneo la kihistoria. Kisha pita mtaa wa Nassau, ambako msingi wa kanisa la Wabaptisti weusi na makaburi yao vilifukuliwa chini ya maegesho ya magari. Mimi huanzia huko asubuhi, kabla jua la Virginia halijawa kali na miguu haijachoka.

Wapo wanaoamini kwamba kila jengo ni la karne ya 18. Ya asili ni 89; Kasri la Gavana liliungua 1781, na unaloliona lilijengwa upya miaka ya 1930, katika ukarabati ulioanza 1926 kwa fedha za John D. Rockefeller Jr. Wanaosema kwamba yote ni maigizo nao wamekosea, kwa kuwa kanisa la Bruton Parish, lililokamilika 1715, lina ibada hadi leo.

Tiketi haihitajiki kutembea barabarani. Ni ya kuingia ndani ya majengo na karakana.

Na Jamestown, iliyoanzishwa 1607, haimo ndani ya Williamsburg. Iko umbali wa kilomita 15 hivi na ina kiingilio chake, kwa hiyo itengee siku yake.