Vinundu vya damu kwa wazee: weka wembe chini

Baba ana vinundu vyekundu kifuani, kila mwaka vinaongezeka. Ni ugonjwa gani?
Si ugonjwa. Ni vimishipa vidogo vya damu vilivyojikusanya kwenye ngozi. Huanza kwenye miaka ya 30 na kuongezeka kadiri umri unavyosogea. Vingi havizidi milimita 5, na kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana karibu vyeusi. Haviambukizi. Si damu chafu, wala hajarogwa.

Mama ana doa la zambarau kwenye mdomo wa chini.
Ukilibonyeza likanywea, ukiachia likajaa tena, mara nyingi ni mshipa uliotanuka kwa jua la miaka mingi. Hata hivyo, daktari alione.

Tukikate nyumbani?
Hapana.

Kwa wembe mpya je?
Hapana! Kinundu chenyewe ni damu tupu, na wazee wengi wanatumia aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Wanaletwa hospitali kanga imelowa damu, kidonda kimepakwa majivu na dawa ya meno. Kikichubuka chenyewe, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 15 mfululizo, bila kuchungulia. Damu isipokoma, nenda hospitali.

Kufunga uzi? Maji ya betri?
Hapana, na hapana. Uzi huozesha nyama, pepopunda hupita hapo hapo. Maji ya betri ni tindikali, jamani, yanaunguza mpaka ndani. Na kuna kubwa zaidi: ulichokikata ukakitupa hakitapimwa tena. Kama kilikuwa saratani, umekata juu, mzizi umebaki, na mzee atakuja amechelewa. Hospitali kinyama kinachotiliwa shaka hupelekwa maabara.

Lini tusisubiri?
Doa jeusi la unyayoni au chini ya ukucha linalotanuka (hilo watu huliita sugu mpaka linapasuka). Mabaka ya zambarau miguuni yanayoongezeka, mguu ukivimba. Kidonda kisichopona mwezi mzima. Kwa Dar es Salaam, anzia hospitali ya Amana, Mwananyamala au Temeke. Ikibidi watakupa rufaa Hospitali ya Taifa Muhimbili au Ocean Road, taasisi ya saratani.

Kama vinamkera tu?
Vinaondolewa kwa ganzi, kwa umeme au mionzi ya leza. Dawa zote anazokunywa mzee zitie kwenye mfuko uje nazo.